Mimba ya Baharini

Wifi yangu Ketrina akishasema jambo, ukoo mzima wa mume wangu unanyamaza, utadhani limesomwa madhabahuni. Mimi nimeolewa humo nikiwa msichana, nimezaa humo, nimechuma kahawa yao mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na bado nikifungua mdomo wananitazama kama mgeni aliyeingia jikoni bila hodi. Basi leo nasema. Atakayenuna na anune.

Binti yangu Ikupa ni mwanamaji. Ndiyo, mwanamaji, mtoto wa huku huku Isansa, ambako maji makubwa tunayoyajua ni ya mto ukifurika na kubeba mbuzi wa watu. Alipomaliza shule alikwenda JKT, na huko huko wakamchukua Jeshi la Wanamaji. Baba yake, Nathanaeli, alifurahi mpaka akaanza kutembea kifua mbele. Mimi nilifurahi pia, sikatai, ila nilikuwa na hofu moja tu: huyu akiumwa huko, nitajuaje? Alipokuwa nyumbani nilijua ana homa hata kabla hajasema, kwa jinsi alivyobeba ndoo. Sasa huko ndoo siioni. Nikamwambia, "Mwanangu, mengine yote sina haja nayo. Ukiumwa tu, niambie." Akaitikia.

Akaniachia na namba ya mama mmoja wa Tunduma, Mwanaasha, muuza vitenge karibu na mpaka. Kijana wake, Abdulswamad, ni mwanamaji wa siku nyingi, na Ikupa alimheshimu kama kaka. "Mama, ukikwama mpigie huyu," akasema. "Wazazi wa wenzetu wanasaidiana." Namba nikaiweka kwenye simu ikalala humo. Mtu simjui, hanijui, nimpigie nimwambie nini? Nina watu wangu bwana.

Watu wenyewe ndio hao.

Msimu huu wa kahawa, siku moja, niko shambani nachuma, simu nimeiacha nyumbani. Ikupa akapiga, sikupokea. Akapiga tena, hola. Akampigia shangazi yake. Mara namwona Ketrina anakuja kati ya mibuni, kitenge kakishika mkononi, anahema.

"Wifi, weka ndoo chini," akaniambia. "Tumekwisha."

"Nani amekufa?"

"Afadhali angekufa mtu. Mwanao anatapika. Asubuhi anatapika, mchana anatapika. Chakula hataki hata harufu yake. Kichwa kinamzunguka, anatamani ndimu tu. Sasa wewe uliyezaa, niambie huo ni ugonjwa gani."

Mwe! Nikakaa kwenye majani. Nikamuuliza, "Kwani alisema ameanzia wapi kuumwa?"

"Alisema mengi. Sijui meli, sijui wamekwenda mbali, simu yenyewe ilikuwa inakatika. Mimi nimeshika ya maana."

"Si labda ni hiyo meli inamchafua tumbo? Mbona kuna watu wanatapika kwenye basi?"

Ketrina akanicheka. "Ikupa alipanda basi kutoka hapa mpaka Dar es Salaam, akatapika?"

Hakutapika. Hata mate hakutema, alikula mahindi ya kuchoma njia nzima.

"Haya. Basi linaruka mashimo, linayumba, hakutapika. Meli inaelea tu juu ya maji kama bata. Itamtikisa saa ngapi?"

Jamani, mimi bahari sijaiona. Ketrina hajaiona. Nathanaeli hajaiona. Ukoo mzima ule, ukiwakusanya wote, hakuna aliyeiona. Nikasema ngoja nikachukue simu nimpigie mwenyewe. Ketrina akanidaka mkono.

"Wewe mama yake utamuuliza mwanao kalala na nani? Aibu huna? Hiyo ni kazi yangu."

Na hapo ndipo anaponiwezea, maana ni kweli. Kwetu jambo kama hilo ni la shangazi. Mama unakaa pembeni unasubiri kuambiwa, hata kama tumbo la uzazi ni lako. Halafu akaniongezea hofu: eti jeshini wakigundua kabla wazee hawajalitengeneza, mtoto anafukuzwa siku hiyo hiyo na begi lake. Ketrina huyo hajawahi kuona hata geti la kambi, lakini alivyokuwa anasema, utadhani yeye ndiye anayelifunga.

Nikamwendea Nathanaeli. Alikuwa amekaa barazani anatengeneza mpini wa jembe. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akautazama mpini, akasema, "Fanyeni mnavyoona." Kisha akaongeza sauti ya redio. Baba wa mtoto huyo! Nilitamani kuichukua ile redio niitupe kwenye mapipa ya kuoshea kahawa.

Ketrina akaanza kutafuta aliyempa mimba, na hakutafuta mbali. Akamchagua Jofrey wa Itaka, kijana aliyekuwa anamsindikiza Ikupa kutoka mazoezi ya kwaya zamani hizo.

"Lakini wifi," nikamwambia, "Ikupa mara ya mwisho alikuja Krismasi. Sasa tunachuma kahawa. Hesabu inakujaje?"

"Mimba nyingine zinachelewa kujionyesha."

Niambie, mtu kama huyo unamjibu nini? Akamchukua Mzee Hezron, mzee wa kanisa mwenye maneno laini, wakaondoka kwenda Itaka kwa Shadrack, baba yake Jofrey. Mimi sikuruhusiwa kwenda, mama haendi. Nikabaki nageuza kahawa kwenye kichanja, nageuza ambayo nilishaigeuza, nabishana peke yangu kwa sauti.

Walirudi jioni, Ketrina ana jogoo kwapani na meno yote nje.

"Shadrack amekiri!"

"Shadrack ndiye aliyempa mimba?"

"Acha masihara, wifi. Amekiri kwa niaba ya mwanawe. Kijana mwenyewe yuko Mkwajuni kwenye machimbo. Mama yake kapiga vigelegele, wametupikia, na jogoo huyu ni wa kuonyesha kwamba wamepokea."

Mzee Hezron akaitikia kwa kichwa, ameshiba. Yaani wamefika nyumba ya watu, wamewaambia mwanao kampa mimba binti mwenye kazi jeshini, na wale wakaona ni bahati imewaangukia. Kwani nani angekataa? Hakuna hata mmoja katika nyumba zote mbili aliyesema, ngoja kwanza, tumuulize msichana. Hata mimi sikusema kwa nguvu. Nilisema kwa kunung'unika, na kunung'unika kwangu wameshazoea.

Nilimpigia Ikupa kwa kujificha. Hakupatikana. Nikapiga kesho yake, hakupatikana. Ketrina akasema, "Unaona? Anajificha."

Halafu akapiga mwenyewe. Nilikuwa nakamua maziwa, nikaacha kikombe kwenye matope, nikapokea kwa mikono yenye povu.

"Mama," akasema. "Jofrey kanipongeza."

Nikaifuta simu povu, nikaihamishia sikio la pili.

"Kaniuliza mtoto anazaliwa lini na baba yake nani, kwa sababu yeye anajijua si yeye. Kapiga niko na wenzangu, nimeweka sauti kubwa nikidhani ni salamu za nyumbani. Wote wamesikia, mama. Sasa hivi nikipita wananiita mama kijacho."

"Mwanangu, shangazi yako…"

"Ni mawimbi, mama! Mawimbi! Tulikuwa mbali, meli inapanda inashuka kutwa kucha, kila mtu mgeni alikuwa anatapika. Nilikuwa nimelala sakafuni, siwezi hata kukaa. Nilikuwa nawaza niache hii kazi nirudi. Mtandao ukaja kidogo, nikasema nipige nyumbani mtu aniambie pole. Basi. Pole tu. Nyie mkanitafutia mume."

"Pole, mwanangu."

"Sasa?" akasema. "Sasa ndiyo pole?"

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mama uliamini?"

Ningemdanganya, ningesema hapana. Lakini ulimi ukakwama, na yeye akausikia ukikwama. Akasema nisimpigie, na simu ikakatika.

Nilimfuata Ketrina kwake siku hiyo hiyo, bila hata kunawa mikono. Nikampa maneno ambayo sikuwahi kumpa mtu tangu nizaliwe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage, halafu unajua alisema nini?

"Sasa kama si mimba, mbona ana hasira hivyo? Wenye mimba ndio wana hasira."

Ee Mungu wangu, nipe uvumilivu na huyu mwanamke! Nikamwambia basi aende Itaka akaombe radhi kwa Shadrack. Akasema hiyo ni kazi ya Mzee Hezron. Nikaenda kwa Mzee Hezron, goti likawa limemshika ghafla, hawezi safari. Jogoo wa watu akabaki uani kwangu anawika, na kila akiwika nakumbuka upuuzi wetu.

Ikupa hakupiga tena. Jumapili zikapita. Tukamaliza kuchuma, tukaanika, tukapeleka, mtoto kimya. Nikipiga haiiti. Ndugu wakawa wananituliza, eti atapoa tu, watoto ndivyo walivyo. Mimi sikuwa natafuta apoe. Nilikuwa nataka kujua kama bado yuko sakafuni anatapika, ama ameshaacha kazi yuko njiani, ama yuko wapi. Mtu wa kumuuliza sikuwa naye. Nathanaeli kila nikimgusa anasema, "Tuombe." Tumeomba! Nimeomba mpaka magoti yana sugu. Mungu namba ya simu ya Ikupa anayo, mimi ndiye ninayehitaji msaada.

Ndipo nikaikumbuka namba ya Tunduma. Sikupiga, nilikwenda. Nimechoka na mambo ya simu.

Kumpata Mwanaasha hakukuwa kazi. Ukishapita malori yaliyopangana kungoja kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, unaulizia mama wa vitenge kutoka Tanga, kila mtu anakuonyesha. Nilimkuta anabishana na mteja wa kutoka Zambia, anamwita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, anamkunjulia kitenge na kukikunja tena, wanacheka, wanasukumana. Mama mnene, ushungi wake mweupe, mdomo haupumziki. Mteja alipoondoka akamwambia natotela, asante ya kwao, halafu akanigeukia.

"Karibu dada, unataka kitenge cha waksi au cha java?"

"Mimi ni mama yake Ikupa," nikasema, na palepale machozi yakatoka. Sikuyaita, yalitoka yenyewe.

Akafunga pazia la duka. Akanikalisha kwenye marobota, akaniletea chai, nikamsimulia yote: kutapika, bata, Shadrack, jogoo. Nilipofika kwenye jogoo, yule mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta macho kwa ncha ya ushungi, akaanza upya.

"Unanicheka?" nikasimama. "Nimetoka Isansa kuja kuchekwa?"

"Kaa, mama Ikupa, kaa. Wallahi sikucheki wewe, namcheka bata." Akanivuta kitenge nikakaa. "Kwetu pwani watu wanaijua. Bahari inalevya. Mtu analewa na hajagusa pombe. Abdulswamad mwanangu, aliyezaliwa anasikia mawimbi, safari ya kwanza alitapika mpaka nyongo. Akanipigia analia, dume zima, anataka kuacha kazi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimuuliza leo amekula nini."

Nikamngoja aendelee.

"Basi?"

"Basi. Akasema hajala. Nikamwambia kesho nitakuuliza tena. Kesho akasema kala nusu kipande cha mkate. Ikawa hivyo mpaka akazoea. Ukimwambia rudi, atarudi na atakulaumu maisha yote. Ukimwambia vumilia, ataona humwelewi. Na akiwa hapatikani usijijazie hofu. Wakiwa majini simu haziiti, wala siyo kwamba amekununia. Na usimuulize wako wapi na wanakwenda wapi, hilo halisemwi, utamtia matatani. Wamama wa wanamaji hapa wako kadhaa, wa Tunduma na wa Vwawa, tukikutana ndiyo tunakumbushana haya. Ikupa hakukupa namba yangu?"

"Alinipa."

"Na hukupiga."

"Sikupiga."

Akanimiminia chai nyingine. Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Hasira kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo vile. Ketrina kapanda boda, Mzee Hezron kavaa koti, watu wamepika, vigelegele vimepigwa, kumbe kulikuwa na swali moja la kumuuliza mtoto na hakuna aliyelifikiria. Pesa sawa na nauli ya Tunduma nimewahi kuipoteza kwa mambo ya kijinga, na bado sikuja mapema.

Mwanaasha akamrekodia mwanawe ujumbe mbele yangu: amwambie Ikupa mama yake yuko hapa dukani, analia, na amwonee huruma. Nikamwambia hilo la kulia aliondoe. Akautuma hivyo hivyo.

Jibu lilifika sijamaliza chai. Abdulswamad alisema Ikupa hajaacha kazi, yuko nchi kavu, anakula, ana nguvu. Atapiga Jumapili.

Jumapili hiyo nyumba ilijaa kama kuna posa. Nathanaeli kazima redio, mwenyewe, bila kuambiwa. Ketrina kaja na kitenge kipya, kakaa kiti cha mbele. Simu ilipoita nikaipeleka sikioni, nikakataa kabisa kuweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini leo?"

"Wali na maharage."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Na kule kutapika?"

"Kumekwisha. Niko mzima, mama."

Ketrina akawa ananivuta mkono, "Mwambie shangazi yake anamsalimu, mwambie sikuwa na nia mbaya." Nikamwambia. Ikupa akasema mpe salamu. Akaongea na baba yake kuhusu mvua. Akacheka hata, akauliza kahawa imeuzwaje. Tulipokata simu Nathanaeli akapiga makofi, Ketrina akasema, "Si niliwaambia atapoa," na mimi nikalala kitandani mchana kweupe kwa uchovu wa kufurahi.

Akaanza kupiga kila akipata nafasi. Mzima. Wiki nyingine, mzima. Mvua zikaanza, mzima. Nikimuuliza mafua, hana. Homa, hana. Tumbo halimsumbui, kichwa hakimuumi, usingizi anapata. Ndugu zangu, nimemzaa mimi. Hakuna mtu wa damu na nyama anayekuwa mzima namna hiyo. Nikawa namwambia Nathanaeli kuna kitu, anasema, "Mwanamke, mtoto akiumwa unalia, akiwa mzima unalia."

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kukutana na wale wamama. Nilipoingia tu dukani Mwanaasha akanishika mabega.

"Pole, dada. Sasa vidole vinaendeleaje?"

"Vidole vya nani?"

Uso ukambadilika. Akajaribu kugeuza maneno, akanitajia waksi mpya iliyoingia. Nikamwambia, "Mama Abdul, usinifanyie hivyo." Akakaa chini. Kamba ya meli ilimbana Ikupa mkono, ikamvunja vidole viwili. Alilazwa, akafungwa bandeji ngumu, sasa anaendelea vizuri. Ilikuwa Ijumaa, wiki mbili nyuma.

Jumapili yake, siku mbili tu baadaye, Ikupa alikuwa amenipigia, akasema ni mzima. Tuliongea muda mrefu, alinichekesha.

"Abdulswamad ndiye aliyekuambia?" nikamuuliza.

Mwanaasha akaanza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Alipiga mwenyewe," akasema. "Ikupa. Palepale hospitali, kabla hata hawajamfunga."

Nilitaka kugomba. Nilimtafuta wa kumgombeza, nikamkosa. Ketrina yuko Isansa, na huyu mbele yangu hajafanya kosa lolote. Wamama wengine walikuwa wanaingia, wanasalimiana, wanatafuta pa kukaa.

"Alilia?" nikauliza.

"Kidogo," Mwanaasha akasema. "Nikambembeleza, akanyamaza."

Nikamwambia asante. Kisha nikamwomba anisimulie alivyolia, alisema nini, alisema kwa sauti gani, asiruke neno.